Mbuzi wa Januari

Kwenye hadithi fupi tunazosomeana Jumamosi hapa Dodoma, jirani na Nyerere Square, akina mama wameshauza kila kitu. Wameuza shamba, wameuza khanga za harusi, wameuza kitanda, na kuna mmoja aliuza figo ili mwanawe alipe ada ya kidato cha kwanza. Mtoto naye hana hiana: husoma, hufaulu, huwa daktari, hurudi kijijini na gari jeupe na kukuta mama kazikwa jana yake. Nimemsikiliza mama huyo akifa mara nyingi mno. Siku hizi nikisikia tu kwamba amekohoa ukurasa wa kwanza, naagiza chai nyingine.

Sidhihaki kujitolea kwenyewe. Nimesomeshwa na watu waliolala na uji ili mimi nivae viatu. Kinachonisumbua ni kwamba waandishi wetu wengi wametoka kwenye nyumba ambako mambo haya yametokea kweli, wanayajua ndani nje, lakini wakishika kalamu wanaandika ya mtu ambaye hawajawahi kukutana naye. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nasahihisha hadithi za wanafunzi juma zima na za watu wazima mwisho wa juma, na naona kasoro inaanzia mahali pamoja. Hatuandiki ni nani hasa aliyelipa. Tunamwandika aliyetoa kwa hiari yake, kwa sababu huyo anapendeza. Yule ambaye kitu chake kilichukuliwa bila kuulizwa, tunamwacha huko jikoni.

Lakini kwanza kalenda, maana ndiyo inayowaumbua wengi. Kijana mmoja alileta hadithi ambayo ndani yake mkulima wa Kongwa anauza magunia kumi ya mahindi mwezi wa pili ili binti yake aende shule.

“Mzee huyu ana magunia kumi Februari?” nikamuuliza.

“Ndiyo, mwalimu.”

“Basi huyo si maskini. Huyo ni mlanguzi wa soko la mahindi la Kibaigwa.”

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, kisha tukakaa kulichambua. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Desemba, ikiwahi sana mwishoni mwa Novemba, na Aprili ndiyo hiyo inakwisha. Uwele na mtama huvunwa kuanzia Mei. Januari na Februari ni miezi ya kukwangua kihenge: cha mwaka jana kimekwisha, cha mwaka huu bado ni majani, na kila nyumba inanunua chakula. Na shule hufunguliwa lini? Januari. Kwa hiyo wiki ileile kila mzazi anaswaga mbuzi wake kwenda mnadani, wanunuzi wanajua fika kilichomleta, na bei ya mbuzi inashuka huku ya nafaka ikipanda. Mbuzi ambaye Julai angekupatia gunia zima, Januari unarudi na debe kama mbili, pamoja na maneno ya dalali kuhusu mbavu zake.

Halafu kuna palizi, nayo huangukia hapohapo. Asiye na mbuzi wa kuuza huenda kulima kibarua kwenye shamba la mwenye nacho, alipwe nafaka au hela ya siku. Huku nyuma shamba lake linamezwa na magugu. Hii ndiyo gharama ya kweli ya huku kwetu, na karibu haiandikwi, kwa sababu haina tukio la kumliza msomaji. Hakuna anayelazwa hospitali. Kuna mwanamke anapalilia uwele wa mtu mwingine, na matokeo yake yanaonekana Juni, anapovuna nusu ya alichopaswa kuvuna, na Januari inayofuata inamkuta akiwa na upungufu mkubwa kuliko wa mwaka uliopita. Mwandishi akilijua hilo hana haja ya kumuua mama. Amwache hai, aone Januari nyingine ikija.

Na kama unaandika habari za siku hizi, ada ya sekondari za serikali iliondolewa 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na cha sita. Mzazi wa leo anauza mbuzi kwa ajili ya sare, madaftari, mchango wa chakula, au chumba cha kupanga pale shule ilipo mbali na nyumbani. Bado naletewa hadithi za mwaka jana zenye mkuu wa shule ya kata anayefukuza watoto kwa sababu ya ada. Ada hizo vijana wamezirithi kutoka kwenye hadithi za wakubwa wao.

Mimi nilizikuta. Nilichaguliwa kwenda shule ya bweni, kidato cha kwanza, Januari 2006. Watu wa mjini wanaukumbuka mwaka ule kwa mgao wa umeme, kwa kuwa maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua mno. Kijijini kwetu, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Bahi, hatukuwa na umeme wa kugawiwa. Ukame ule tuliujua kwa korongo, kwa kina ulichopaswa kuchimba mchangani kabla ya kuona maji. Mvua zilichelewa hata vibarua vya palizi vikakosekana, maana hapakuwa na kitu cha kupalilia. Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Juu yake ikaja fomu ya kujiunga: godoro, tranka, ndoo, jembe, fyekeo, mashuka, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya ngozi. Mama kusoma ni kwa shida. Aliishika ile fomu akawa ananiambia niisome tena, na nikiisoma ananyamaza, halafu anauliza, “Na godoro wamelitaja?”

Mbuzi tulikuwa nao, si wengi. Wawili kati yao walikuwa wa Dada.

Dada amenizidi miaka mitatu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na bibi mzaa baba akampa majike wawili ili wakizaana apate ada ya kujifunza ushonaji kwenye chuo kimoja cha misheni. Wazazi waliuza wa kwao kwanza. Hela haikutosha. Asubuhi moja Baba akawaongeza wale wawili kwenye kundi, akaondoka nao kwa miguu kwenda mnadani ili asilipe usafiri. Hakumwita Dada akamweleza. Sidhani hata kwamba alikuwa anamficha. Kwa akili ya siku zile hapakuwa na la kueleza. Mbuzi ni wa nyumba, na mtoto aliyefaulu ni wa nyumba.

Jioni alirudi na fedha na harufu ya pombe. Si ulevi. Alikuwa ametembea juani kutwa, akapita kwa mama muuza pombe ya uwele, akanywa. Mama hajamsamehe hadi leo. Nilipoisoma sehemu hii Jumamosi moja, wenzangu watatu walinishauri niiondoe, kwamba inamharibu Baba. Mimi naona ndiyo inayomfanya awe baba wa mtu. Mwanamume aliyewauza mbuzi wake wote kwa ajili yangu, na mbuzi wasio wake pia, na akanywa kidogo ya fedha hiyo njiani. Ukiniondolea ile pombe unaniachia sanamu.

Haikuishia hapo. Mwaka 2010 nikachaguliwa kidato cha tano, na mwaka huohuo Dada akaolewa. Kwa desturi zetu Wagogo, ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka yake hutegemea kuoa nao, na mjomba ana fungu lake. Wa Dada hawakusubiri mambo ya kuoa. Walipoingia zizini, baadhi wakatoka tena kwa ajili ya masomo yangu, na fungu la mjomba likawekwa kiporo. Kiporo hicho hakijaliwa mpaka sasa. Mjomba hakuulizwa, Dada hakuulizwa. Mimi niliulizwa: niliulizwa kama ningependa kusoma sanaa au sayansi.

Nilihitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mwishoni mwa 2015, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na kwa hao ng'ombe. Nyumbani wakafanya sherehe. Mama alikalishwa kiti cha mbele, akavishwa khanga, mchungaji akasema maneno mazuri juu ya mwanamke aliyejinyima. Yote yalikuwa kweli. Dada alikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine, anapika wali, na wakati makofi yanapigwa alikuwa anauliza nani kachukua mwiko mkubwa. Hakuna aliyemtaja. Na hakuna aliyekusudia kutomtaja. Ndivyo hadithi ya familia ilivyokuwa imeshatungwa, na ndani yake ana nafasi mtoaji mmoja tu.

Ndiyo maana nilipoanza kuiandika, nilimwandika Dada tangu mstari wa kwanza, na kabla ya kumsomea mtu yeyote nilikwenda kumwomba ruhusa. Nilimkuta anapepeta karanga. Baada ya mbukwenyi, salamu yetu Wagogo, na habari za watoto, nikamweleza. Hakuinua kichwa.

“Utaandika kwamba nililia?”

“Ulilia?”

“Sikulia. Nilikasirika. Nikachukua ndoo nikaenda korongoni, nikakaa huko mpaka giza, wakala kwa kuchelewa. Andika hivyo.” Akapepeta tena. “Na uandike kwamba yule mweusi alikuwa na mimba. Wameuza mbuzi wawili kwa bei ya mmoja.”

Mimi ninayejiita mwandishi nisingeipata ile mimba kwa kufikiri. Na nisingepata chakula kilichocheleweshwa kwa makusudi, ambacho ndicho kisasi pekee msichana wa miaka kumi na sita alichokuwa nacho mikononi. Tangu hapo, mtu akileta hadithi ya kujitolea namuuliza: nani alikasirika? Kama hakuna, hadithi bado haijafika nyumbani.

Hapo pia ndipo yanapoingia masimango, kitu ambacho sielewi kwa nini tunakiondoa kwenye maandishi ilhali kimejaa midomoni. Mama yangu ananipenda, na Mama yangu amenisimanga. Likizo ya kidato cha pili nilipofeli Hisabati, aliniambia kwamba nimemla mbuzi mzima na nimeshindwa kuleta hata alama za kwato zake. Nilicheka kimoyomoyo halafu nikashindwa kula. Mjomba ndiye bingwa: hadi leo kwenye msiba au harusi akiniona amekaa na watu, ananitambulisha kwao kama “fungu langu la ng'ombe.” Watu wanaojitolea wanakumbuka, wanahesabu, wanakumbusha. Mama wa kwenye hadithi zetu, anayetoa kila kitu kisha anatabasamu na kunyamaza, huyo hajawahi kukaa kijijini kwetu.

Bibi naye alikuwa msimuliaji, na nikimrudia kichwani naona alikuwa akiacha nje watu walewale. Alitusimulia Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Yeye hakuiona, aliipata kwa mama yake. Katika simulizi yake kuna msichana aliyepelekwa kukaa kwa watu wenye chakula, na ndugu zake wakapona. Bibi alimsifu sana baba wa msichana kwa uamuzi wake mgumu. Kuhusu msichana mwenyewe tulijua tu kwamba alikwenda.

Sitaki ionekane kwamba kila hadithi lazima iwe ya kijijini na mbuzi. Kijana wa Hombolo alituletea ya baba yake anayeuza zabibu zikiwa bado kwenye mizabibu, changa, kwa mtu aliyemkopesha, kwa kuwa zikishaiva hazingoji na mnunuzi analijua hilo. Kurasa tatu, hakuna anayekufa, na ni nzuri kuliko zangu zote.

Nyingine iliyonifundisha ni ya mama mmoja mtumishi wa wizara. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, lakini yeye, kama wengi, alihama Dar es Salaam serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, kuanzia 2016. Mume na watoto walibaki Dar kwa ajili ya shule na kazi ya mume. Akapanga chumba Nkuhungu. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa ya machozi: mama anakagua madaftari kwa simu, anakosa siku ya kuzaliwa ya mtoto, Ijumaa anapanda basi, Jumapili usiku anarudi amekunjika mgongo. Tulimpongeza. Nikamuuliza kama ameacha kitu. Hakunijibu, na kwa muda hakuja.

Aliporudi alikuwa ameiandika upya, na sasa ni 2024, treni ya SGR imeanza, kutoka Dodoma hadi Dar ni chini ya saa nne. Mhusika wake hana tena sababu ya umbali. Angeweza kwenda kila wiki. Na Ijumaa moja anakaa kwenye chumba chake cha Nkuhungu, tiketi hajakata, anapika ugali wa mtu mmoja, anakula taratibu, hakuna anayemwita, na anajigundua ana raha. Miaka yote aliyoitwa shujaa wa familia alikuwa pia anapumzika. Hataki kumwambia mtu, kwa sababu akisema, kila alichotoa kitafutwa. Mle ndani kuna msichana wake wa kwanza, wa miaka kumi na mitatu, ambaye ndiye amekuwa akiwapikia wadogo zake. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Kumbe kila nyumba ina wa jikoni wake.

Kuna waliomkasirikia, hasa wanaume, wakasema mama wa namna hiyo hafai kuandikwa. Mimi nilisema, na nashikilia, kwamba alichotoa hakikufutika. Nauli zilikuwa za kweli, upweke wa mwaka wa kwanza ulikuwa wa kweli. Anayetoa anaweza pia kupata, na kuyaandika yote mawili hakumpunguzii heshima. Baba alipata kiburi cha mtoto wa sekondari, na alikitumia vizuri sana mnadani miaka iliyofuata. Mama alipata kiti cha mbele. Ni Dada ninayemtafutia alichopata, na sipendi kumbunia.

Wasomaji wangu wa Jumamosi wanalo jibu: nimnunulie cherehani, mwishoni mwa hadithi, alie. Shida ni kwamba nilimnunulia kweli, mwaka niliopata ajira. Alikipokea, akashukuru, akakifunika kitambaa. Baada ya muda nikasikia amekikodisha kwa jirani yake kwa hela ya kila mwezi. Kujifunza kushona, aliniambia, kulikuwa kwa yule msichana. Yeye ana karanga zake, ana watoto, ana kikoba, na jirani analipa kwa wakati. Nimeiweka hivyohivyo kwenye hadithi. Wenzangu wanasema msomaji atajisikia amenyimwa. Ajisikie.

Sasa hivi kilichobaki ni bei. Nilipowasomea nyumbani, Mama alinikatiza kwenye mnada: wale wawili wa Dada waliuzwa shilingi 22,000, anakumbuka kwa sababu alizihesabu yeye. Dada akasema ni 26,000, alimsikia kwa masikio yake aliyewanunua, siku nyingine, akimsifia mtu mmoja yule mbuzi mweusi. Wakabishana hadi chai ikapoa. Baba, ambaye ndiye aliyezipokea zile fedha, anasema mambo hayo ni ya zamani sana. Nimeandika bei zote mbili.